Kengele Iliyolala Ubavu

Sage Fork, Wyoming
3 Machi 1957

Kwako Verlin,

Mimi ni mzima, goti leo halijasema kitu. Theluji imeanza kuoza pembezoni mwa zizi na tope limeshakula kiatu kimoja cha Gust. Huyo kibarua wangu naye bado anakohoa na bado hataki daktari. Anasema daktari wa mwisho aliyemwona ndiye aliyemzika kaka yake. Shangazi yako Idella amepata bwana mwingine huko Sheridan. Huyu anauza mashine za kufulia, na meno yote ni yake mwenyewe. Ng'ombe wanazaa vizuri.

Kitabu chako kimefika. Nimekisoma siku mbili, vyombo vikaniozea kwenye karai. Nakuambia kabla sijakugombeza, maana nikishaanza sitakumbuka: ni kizuri. Ile mvua ya mawe inayotawanya ng'ombe imeniroweshea nguo. Hadithi za wachunga ng'ombe nimezisoma tangu babu yako aliponiletea gazeti la kwanza kutoka kituo cha treni, na kusoma kwenyewe nilijifunzia humo, kwa kidole, neno moja moja. Najua kizuri kikoje. Kasoro ni farasi wako tu, anakimbia kutwa bila kunywa maji. Huyo si farasi, ni pikipiki.

Sasa nijibu. Nani alikutuma uweke chapa ya Hollis Tackett, ile anayowachoma nayo ng'ombe wake, kwenye jalada?

Kengele iliyolala ubavu, ulimi nje. Iko pale katikati, kubwa kama sahani, na ndani ya kitabu ni chapa ya mwizi wa ndama, na mwizi mwenyewe unamnyonga kwenye mti. Kitabu kinauzwa kwenye ile rafu ya kuzunguka pale duka la dawa mjini. Jumamosi, kwenye mnada, Hollis alileta fahali wake, na mjinga mmoja akapaza sauti kule nyuma, "Mkague alama za masikio huyo, tusije tukanunua wa kwetu." Watu wakacheka. Hollis akampakia fahali wake tena kwenye lori, akaenda zake.

Hollis ni jirani yangu. Ndiye anayenikamatia ndama kwa kamba kila msimu wa kupiga chapa tangu babu yako afariki. Andika upesi unieleze ulikuwa unafikiri nini, kama ulikuwa unafikiri.

Bibi yako,
Orpha Stroud


Chicago
19 Machi 1957

Bibi mpenzi,

Shikamoo ya mbali. Nami ni mzima, ila nimehama chumba tena, kile cha kwanza kilikuwa juu ya kiwanda cha soseji. Anuani mpya iko nyuma ya bahasha. Mwambie Gust namwombea kifua chake, na shangazi Idella nampa pongezi, safari hii za kweli.

Kuhusu chapa, nakuapia sikuiiba kwa mtu. Nilikaa mezani na karatasi nikachora michoro mingi, nyota, mikasi, nusu mwezi, yote ikawa ya kitoto. Hiyo kengele ikanijia mkononi yenyewe. Nilifurahi, nikajua nimebuni kitu. Mhariri alipoiona alisema hiyo ndiyo itakayouza kitabu.

Bibi, ni hadithi tu. Jina la kwenye jalada si langu, ni Dake Farrow, mtu asiyekuwepo. Mwizi naye hayupo, na bonde halipo. Mzee Hollis ni mtu mzima, ataelewa. Watu wa mnadani watasahau wakipata jingine la kucheka.

Kuhusu farasi umenipata. Nitamnywesha maji kwenye kitabu cha pili.

Wako,
Verlin


Sage Fork
2 Aprili 1957

Verlin,

Salamu zako nimezigawa. Gust kazipokea kwa kikohozi. Ndama wawili wamekufa kwa baridi, waliobaki wanaruka kama wehu. Mume wa Idella alikuja kunionyesha mashine ya kufulia, ikamlowesha suruali mpaka magotini. Nimeanza kumpenda.

Ilikujia mkononi yenyewe, unasema. Mjukuu wangu, ilikujia mkononi kwa sababu miaka minane ulipita kando ya ua wa waya wa Hollis Tackett ukienda shule, na ng'ombe wake wakasimama wakikutazama, kila mmoja na kengele ubavuni. Ulikuwa unawahesabu. Ulikuwa unawasalimia. Macho ya mtoto hayatupi kitu. Mtu wa mji angebuni nyota. Wewe ulijiona umebuni, kumbe umekumbuka.

Na usiniambie tena kwamba ni hadithi tu. Wewe ni wa kuniambia mimi hivyo? Mimi niliyekusomea hapa jikoni baridi nzima, upepo unataka kung'oa bati, wewe umelala kifudifudi chini ya meza ukiniuliza kama yule mpanda farasi atavuka mto? Ulilia kwa kuwa hakuvuka. Hukusema ni hadithi tu. Ulikataa kula. Kama hadithi ni kitu bure, basi mimi nimepoteza umri wangu nikimsubiri mtu wa posta, na wewe umekwenda Chicago kufanya kazi ya bure.

Nilimpelekea Hollis mkate. Alinifungulia mlango nusu. Nikamwambia, "Mtoto hakujua." Akasema, "Orpha, huyo si mtoto tena. Ana jalada." Mkate akaupokea, mlango akaufunga.

Waandikie hao watu wako waiondoe.

Bibi


Chicago
28 Aprili 1957

Bibi,

Natumaini baridi imekuachia goti. Hapa mvua, na nimehama tena, usiulize.

Nimezungumza na mhariri. Kitabu cha pili kilikuwa kimeshapigwa chapa nilipopata barua yako. Wananiomba cha tatu, na mkataba unasema kila jalada liwe na alama ileile, ndiyo wasomaji wanatambua mfululizo. Nikikataa wanaachana nami. Bibi, umri wangu wote sijataka kazi nyingine. Unajua hilo kuliko mtu yeyote.

Mei siwezi kuja. Kuna kazi nyingi.

Verlin


Sage Fork
12 Mei 1957

Verlin,

Nyumbani wote wazima. Nyasi zimeota mapema.

Sikukuuliza kama Mei unakuja. Umejibu swali ambalo sijaliuliza, kwa hiyo limekuwa likikusumbua. Vizuri.

Kuna jambo katika bonde hili halisemwi, na mimi sikukwambia ulipokuwa mdogo kwa sababu halikuwa langu. Sasa nalisema, kwa kuwa umelipiga chapa kwenye majalada mawili. Hujawahi kujiuliza kwa nini kwa Hollis hakuna lango? Ranchi zote zina boriti juu na chapa imetundikwa. Kwake ni nguzo mbili tu, juu wazi.

Baba yake walimnyonga kwenye lango lile. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, Hollis alikuwa na minane. Watu waliokodiwa na matajiri wa ng'ombe walimkuta na ndama wanne ambao chapa ilikuwa bado mbichi, wakasema ni wa wizi, hawakungoja jaji. Kesho yake wale ndama waliachiwa uwanjani, na kila mmoja akamwendea mama yake akaanza kunyonya, na mama wote wanne walikuwa wa Tackett, wenye kengele ya zamani iliyopona kitambo. Wote tuliona. Ng'ombe hasemi uongo kuhusu mwanawe. Lakini mtu alikuwa ameshakufa, na waliomuua walikuwa wanunuzi wa ng'ombe zetu, basi bonde zima likafunga mdomo. Babu yako alifunga, baba yangu alifunga. Mama yake Hollis alishusha boriti kwa shoka, yeye mwenyewe.

Chapa hakuibadilisha. Wangeweza kuibadilisha. Hollis amewapiga ng'ombe wake chapa ileile miaka hii yote ili kila mtu aione.

Wewe umemweka mwizi chini yake, ukamnyonga, na msomaji akashukuru. Mwenye kovu usidhani kapoa, Verlin.

Ukitaka kujua la kufanya, unalijua. Kwetu mtu akimkosea jirani haleti maneno. Anakwenda siku jirani anapopiga chapa, anafanya kazi ya chini kutwa. Hapandi farasi. Anaangusha ndama, anawakalia, anakula moshi na mateke mpaka wa mwisho. Kwa Hollis ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Basi linafika Casper, na kutoka Casper Gust atakuchukua.

Bibi


Sage Fork
20 Juni 1957

Verlin,

Gust alikungoja Casper mpaka basi la mwisho, akarudi na gazeti.

Chapa yangu ilikuwa wiki iliyofuata. Niliwasha moto alfajiri, nikaoka pai, nikapika maharage ya watu ishirini. Akaja Idella na mumewe wa mashine. Basi. Hollis hakuja, na Hollis asipokuja wengine wanasubiri waone nani atatangulia, na hakuna aliyetangulia. Mume wa Idella ana moyo lakini alimshika ndama wa kwanza kama anayemvalisha nepi. Tulifanya nusu. Waliobaki wamekwenda mlimani bila chapa, na ndama asiye na chapa ni wa yule atakayemkuta.

Mwandiko ukiuona mbaya ni penseli, ni butu.

Maharage tulikula mpaka tukachukiana.

Bibi


Denver
9 Oktoba 1957

Bibi,

Nimenyamaza miezi mitano na huna haja ya kunisamehe. Nimekuwa Omaha, kisha hapa. Nafanya kazi kwenye stoo ya magunia mchana, naandika jioni. Chakula ninacho.

Idella ameniandikia. Amesema si penseli. Amesema ndama alikuponda mkono wa kulia uwanjani na hukutaka kufungwa plasta mpaka mboga za bustani ziingie ndani, na kwamba sasa unaandika kwa kushoto. Kwa nini hukuniambia?

Nami nina langu. Nilifika Casper. Ile Jumamosi nilikuwa kwenye kituo cha basi, nilimwona Gust kupitia dirishani, amekaa kwenye pikapu akichonga kijiti. Nilikuwa na begi mkononi. Nilinunua tiketi ya kurudi. Sijui namna ya kulieleza. Nimeandika watu wengi wanaoingia mji uliojaa maadui bila kupepesa jicho. Mimi nilishindwa kuvuka barabara mpaka kwa Gust.

Nawaza kuandika kitabu cha kumsafisha baba yake Hollis. Kitu kikubwa, cha kweli, na majina yote.

Verlin


Sage Fork
1 Novemba 1957

Verlin,

Mkono ni wangu, nikitaka kusema nitasema. Idella ana mdomo kama mlango wa banda.

Gust alikuona. Alisema, "Nilimwona, mama, kapauka kama unga, nikaona nimwache. Farasi mwenye hofu ukimfuata anakimbia zaidi." Nilimtukana kwa Kiswidi chake, chote ninachokijua.

Ndama kumi na mmoja hawakushuka mlimani. Sisemi nani anao.

Hicho kitabu cha kumsafisha usikiandike. Hollis hajaomba kusafishwa. Hakuwahi kuwa mchafu. Unataka kumpelekea tena karatasi mtu aliyeumizwa na karatasi. Wewe ukiungua utapakwa moto?

Kula nyama. Stoo ya magunia inataka nyama.

Bibi


Denver
16 Februari 1958

Bibi,

Habari za mkono? Theluji hapa imefika madirishani. Nina kikohozi kama cha Gust, lakini mimi nimekwenda kwa daktari.

Nilimwandikia mhariri kwamba sitaendelea na ile alama. Nilidhani watagomba, labda watakubali. Jibu lilikuwa mistari mitatu. Dake Farrow si mimi, wanasema. Jina ni lao, alama ni yao, na wamempa mtu mwingine kitabu cha tatu. Yuko New Jersey. Hajawahi kumwona ng'ombe akiwa na miguu yote minne. Kitatoka kiangazi, kengele jaladani.

Kwa hiyo nimepoteza kazi, na Hollis hajapata kitu. Kama ningekaa kimya ningekuwa angalau na mkataba. Nimekaa na taipureta mbele yangu wiki mbili na kila mtu ninayemwandika anapanda farasi na kuondoka kabla hajasema neno.

Sijui nije kufanya nini huko. Sina hata cha kuahidi.

Verlin


Sage Fork
8 Machi 1958

Verlin,

Sote wazima. Idella ana mimba katika umri wake, na mume wake anatembea kama aliyeivumbua yeye.

Umekataa kazi uliyoitaka tangu ukiwa chini ya meza yangu. Nimeisoma barua yako mara ngapi sisemi. Lakini usijipe medali. Ulifanya kitu sawa kwa barua, na barua ni rahisi, hata mimi mwenye mkono mmoja naandika.

Huna cha kuahidi? Nani alikuomba ahadi? Ndama haangushwi kwa ahadi. Hollis anapiga chapa Jumamosi ya mwisho ya Mei, kama siku zote. Safari hii simtumi Gust. Casper mpaka hapa utajijua, omba lifti, tembea, viringika.

Ukifika uwanjani usimwombe radhi. Mkalie ndama.

Bibi


Denver
10 Juni 1958

Bibi,

Nimerudi salama kutoka kwa Hollis. Siwezi kukunja vidole, nachapa kwa viwili. Mbavu zina rangi ya machweo. Stoo wananiuliza ni lori gani limenigonga.

Sijui umesikia nini. Hollis hakunisemesha kutwa nzima. Aliniletea ndama mmoja baada ya mwingine kwenye ncha ya kamba yake, na wakubwa zaidi naona alikuwa ananichagulia mimi. Mwanzoni niliona haya kuitazama ile chapa ikishuka. Baadaye sikuwa na nafasi ya haya, kulikuwa na mateke tu. Mchana watu walikaa mbali nami na sahani zao. Yeye alipita, akatazama sahani yangu, akasema kwa mpishi, "Mwongezee huyu maharage." Ndiyo maneno yote niliyopata.

Niliondoka kabla ya chapa yako kwa sababu stoo walinipa siku chache tu. Na kwa sababu niliogopa kuona nani atakuja. Niandikie, Bibi. Hata kama ni mabaya.

Verlin


Sage Fork
6 Julai 1958

Mjukuu wangu,

Mimi mzima, mkono umerudi isipokuwa kidole kidogo ambacho kimeamua kuishi peke yake. Nyasi zimekatwa. Mtoto wa Idella anapiga mateke tumboni, Gust anasema atakuwa wa kazi ya chini. Kikohozi chake kimepona chenyewe na sasa hatuna amani, anaimba.

Walikuja. Nilikuwa bado napuliza moto nikasikia farasi, nikageuka, ni Hollis na kamba yake, na nyuma yake watu wa mabonde mawili. Nikamwambia, "Umechelewa mwaka mzima." Akasema, "Kahawa ipo au nirudi?" Tulimaliza kabla jua halijainama. Pai hazikutosha.

Usifurahi mapema. Yule wa New Jersey ametoa kitabu chake, kipo duka la dawa, kengele jaladani, kubwa kuliko yako. Hollis amekiona. Watu wamekiona. Hakuna aliyecheka mnadani, hilo nakupa, lakini kitabu kipo na kitakuwepo, na wewe ndiye uliyefungua zizi.

Sasa sikia lililonifanya nikae niandike.

Jumapili iliyopita Hollis alikuja baada ya chakula, amevaa shati safi, akakaa jikoni akaweka kofia juu ya goti. Nikamuuliza, "Unaumwa?" Akasema, "Nisomee." Nikasema nini. Akasema, "Cha mtoto wako. Nimesikia kwa kila mtu kilichomo, sijakisikia chenyewe." Sikujua kama anajua kusoma au hajui, na sikuuliza, majirani wa miaka sitini hawaulizani.

Nikakisoma. Jumapili ile nusu, Jumapili hii nusu. Alicheka pale kwa farasi wako asiyekunywa. Kwenye mvua ya mawe alisogeza kiti. Tulipofika kwenye mti nikajifanya natafuta miwani. Akasema, "Endelea, Orpha. Nimeshaona kubaya zaidi." Nikaendelea. Akamaliza kusikia mpaka mwisho, sherifu anapanda kilima, jua mgongoni, yote yale.

Akageuza kofia juu ya goti. Kisha akasema, "Yule mwanamke."

Nikasema, "Mwanamke gani?"

"Mke wa mwizi. Kasimama mlangoni wanapomchukua mumewe. Halafu?"

Nikarudi nyuma nikatafuta. Ni mstari mmoja, Verlin. Mwanamke alisimama mlangoni mkono ukiwa kooni. Halafu wanaume wanapanda farasi na kitabu kinakwenda nao.

Akasema, "Ilikuwa Oktoba kwenye kitabu. Alikula nini baridi ile?"

Nikasema, "Kitabu hakisemi, Hollis."

"Najua hakisemi. Nauliza kama mtoto wako anajua."

Nimesoma hadithi hizi maisha yangu yote, nimevuka mito na watu wake, nimewazika, nimewalilia, na hata siku moja sikuwahi kuuliza huyo wa mlangoni alikula nini. Na mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, naishi ng'ambo ya kijito, ningeweza kwenda kuangalia. Tulikuwa na unga.

Kisha Hollis akaniambia. Alisema taratibu, anatazama kofia, mpaka jua likahama dirishani. Mama yake alikula nini, nani alikuja kubisha hodi na nani hakuja, boriti ile aliifanyia nini baada ya kuishusha, na nani mwezi wa Januari alimpa kazi na kwa masharti gani. Yeye alikuwepo. Anakumbuka mpaka harufu.

Sikuandikii. Si yangu kuandika, na mwandiko wangu hauwezi kulibeba. Nilimwambia, "Nikimwandikia Verlin aje, utamwambia?" Akasimama, akavaa kofia, akafika mpaka mlangoni.

Akasema, "Aje na karatasi zake. Jina la mama yangu lilikuwa Zilpha. Aanze na hilo."

Basi la kutoka Denver linaondoka Alhamisi. Stoo ya magunia itapata mtu mwingine.

Bibi yako,
Orpha